Kwota ya Linux na Samba kwenye seva ya studio hapa Lamu, maoni ya mtumiaji

Hii ni kwa wenye studio, saiba na maofisi madogo mnaosevu kazi zenu kwenye seva moja watu wengi, manake naona wengi bado mnaishi kwa kukumbushana kwenye grupu ya WhatsApp "jamani tupunguzeni mafaili diski imejaa" na kila mtu anajua anaambiwa mwenzake. Sisi tuko Langoni, tunapiga picha na video, harusi ndo nyingi, Maulidi, mashindano ya majahazi, na siku hizi nyumba za wageni za Shela wanataka vile vivideo vifupi vya mtandaoni. Kazi zote zinaingia kwenye kompyuta moja ya mezani yenye Debian (aina ya Linux) na Samba (programu inayofanya laptopu za Windows zione foda za seva), diski mbili za tera 4 kwa RAID 1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, kwa hio nafasi halisi ni ya diski moja, na laptopu zetu zote ni Windows. Ninachokitolea maoni ni kwota, ile ya kumwekea kila yuza kiwango chake cha nafasi. Kifurushi kinaitwa quota tu, cha bure, unakivuta kwa apt. Wazo lenyewe la zamani, lilikuwemo kwenye Unix ya Berkeley, 4.2BSD ya 1983, wakati vyuo vikuu vilikuwa na kompyuta moja na wanafunzi chungu nzima wanaigombania, yaani shida ile ile.

Niseme mapema: ni nzuri, imetutoa kwenye ugomvi, na singerudi nyuma. Lakini kuna vitu viwili vitatu usipovijua utaiweka, utaona haifanyi kazi, na utailaumu bure.

Kwanza kwa nini diski kujaa huku kwetu ni msiba. Kamera ya 4K inayorekodi kwa mega biti 100 kwa sekunde inakula giga 45 kila saa, piga hesabu mwenyewe. Sasa harusi ya kwetu si ya saa mbili, kuna siku ya hina, kuna nikaha, kuna kupamba, na kamera ni mbili. Wikendi moja ya mfungo sita ikiwa na harusi tatu, giga mia kadhaa zinaingia kabla hujakata hata sekunde moja ya video. Na ile tera 4 uliyolipia si tera 4, Windows itakuonyesha 3.6 kwa sababu mwenye kutengeneza diski anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024, alafu ext4, ule mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski, nayo ukiiformati bila kuiambia kitu inaweka pembeni asilimia 5 kwa ajili ya root (akaunti kuu ya seva), ambayo kwa diski ya saizi hii ni karibu giga 200 nzima zimekaa tu. Kwa diski ya data peke yake hizo ni nyingi mno, andika tune2fs -m 1 uirudishe kwenye asilimia moja. Na ukisema basi ninunue diski nyingine, Lamu hii diski kubwa ya seva huendi kuichukua dukani Usita wa Mui jioni ukarudi nayo, unaagiza Mombasa au Nairobi, inakuja na basi mpaka Mokowe, inapanda boti, na wewe unangoja na mteja anangoja.

Diski ikijaa haiangalii nani kaijaza. Kijana wa kuediti anafanya kazi zake na DaVinci, programu ya kuediti video, foda yake ya mafaili ya muda, CacheClip, inafura, hajui wala hana nia mbaya, na anayeumia ni dada wa mapokezi anayetaka kusevu risiti ya kurasa moja na seva inamkatalia. Hapo ndo kwota inapoingia. Kila mtu akijaza chake, kimejaa chake, wenzake wanaendelea.

Kuiweka si kazi kubwa kama diski ya data iko peke yake, na nawasihi iwe peke yake, msichanganye na ile yenye Debian. Unaitoa kwa umount, unaiwasha kwa tune2fs -O quota, kwenye fstab (faili linaloorodhesha diski za kuwashwa) unaongeza usrquota, unairudisha, unamaliza na quotaon. Mafundisho mengi ya zamani yatakwambia ufanye quotacheck itengeneze faili la aquota.user, hio inafanya kazi lakini mimi siipendi kwa mazingira yetu, kwa sababu stima ikikatika ghafla hesabu ile inaweza kupotoka na inabidi seva ipitie diski upya kuhesabu kila faili ni la nani. Ile ya tune2fs hesabu inakaa ndani ya ext4 yenyewe na inalindwa na jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko inayoandikwa kwanza), stima ikirudi seva inawaka na hesabu iko sawa. Kwa kisiwa chenye stima ya kwetu hii peke yake ni sababu ya kutosha. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikikatika, bado unaihitaji, usinielewe vibaya.

Alafu unampa kila mtu kiwango, kwa mfano setquota -u kijana 850G 900G 0 0 /srv/studio. Namba ya kwanza ni kikomo laini, ya pili ni kikomo kigumu, zile sifuri mbili ni za idadi ya mafaili na sifuri maana yake hakuna kikomo, kwa kazi ya video achana nazo. Kikomo kigumu hakivukwi kabisa. Kikomo laini unaruhusiwa kukipita, lakini ukikipita saa inaanza kuhesabu, kawaida inakuja ikiwa imewekwa siku 7, na zikiisha hujashuka chini ya kile kikomo laini basi huongezi kitu tena hata kama bado hujafika kwenye kigumu. Ukitaka kubadilisha hizo siku ni edquota -t. Nimependa sana utaratibu huu, una ubinadamu, haukukati pale pale, unakupa wiki ya kupanga vitu vyako.

Sasa kwa upande wa Windows ndo kuna habari, na hili ndo jambo la kwanza kati ya yale niliyosema usipoyajua utailaumu bure. Samba ikiulizwa na laptopu "diski hii ina nafasi gani" inaangalia kwota ya huyo anayeuliza, sio diski yote, kwa hio kijana akifungua kompyuta yake anaona diski ya giga 850 na sio ya tera 3 na kitu, na ile bari ya buluu inageuka nyekundu ikikaribia kujaa. Hii ni raha kubwa, mtu anajiona mwenyewe bila kuambiwa. Lakini tazama vizuri, ameona 850, sio 900. Samba inatumia kikomo laini kama ndo saizi ya diski, na ukishakipita inasema nafasi iliyobaki ni sifuri, na Windows kabla ya kukopi faili inauliza kwanza nafasi, ikiambiwa sifuri inakataa. Kwa hio zile siku 7 za kupumua kwa mtu anayekopi kwa mauzi kwenye Windows karibu hazipo. Anayetumia Linux au rsync (amri ya kukopi mafaili) anazipata kamili, wa Windows hapana.

Kwa hio zile giga 50 katikati zina kazi gani? Zina kazi, tena muhimu. Programu ya kuediti ikiwa tayari imefunguliwa na inaandika, nyingi haziulizi nafasi, zinaandika tu, na seva inazikubalia mpaka kwenye kikomo kigumu. Mtu yuko katikati ya kurenda video ya harusi usiku, amepita kikomo laini, kazi haikatiki na faili haliharibiki, inaisha vizuri, asubuhi akitaka kukopi kazi mpya ndo anaambiwa hapana safisha kwanza. Kwa hio nyinyi mlio na Windows, nafasi ya kweli ya mtu ichukulieni ni kikomo laini, na tofauti ya vikomo viwili muiache iwe kubwa kushinda faili kubwa kabisa analorenda. Vikomo viwili vikifungana karibu karibu hapo ndo utaona faili linakatika katikati.

Jambo la pili ndo kubwa kuliko yote kwenye andiko hili. Kwota inahesabu kwa mwenye faili. Haiangalii foda, haiangalii nani aliyeifungua laptopu, inaangalia jina la mmiliki aliyeandikwa kwenye faili. Na seva nyingi nilizoziona huku kwetu mtu akiwekewa Samba fundi anaandika force user na jina moja ili asisumbuliwe na mambo ya ruhusa, wote wanaingia, wote wanafungua, wote wanafuta, raha. Kwa seva ya hivo kwota haina maana hata kidogo, kwa sababu mafaili yote ya ofisi yana mmiliki mmoja, utamwekea kijana giga 900 na hesabu yake itabaki sifuri milele huku diski inajaa. Lazima kila mtu awe na akaunti yake na paswadi yake, foda za pamoja muziweke kwenye grupu, chmod 2770 (mmiliki na grupu tu ndo wanaingia, na kitu kipya kinabaki cha grupu), na kwenye Samba create mask iwe 0660 ili mwenzako aweze kufungua. Ni kazi ya jioni moja na inakaa.

Kwetu sisi waislamu wa Pwani hili la kila mtu na akaunti yake lina uzito mwingine mkubwa zaidi ya nafasi. Picha za kupamba za kina mama wamejifungua nywele na wamevaa vya ndani ya nyumba, zinapigwa na kina dada, zinaeditiwa na kina dada, na mwenye harusi ametuamini. Seva ya force user maana yake mwanamume yeyote ofisini anaweza kuifungua hio foda, kwa kukosea tu au kwa makusudi. Kila mtu akiwa na jina lake unaweka foda ile kwa grupu ya kina dada peke yao na imekwisha. Root bado anaona kila kitu, hilo lisifichwe, kwa hio kaeni muamue paswadi ya root anashika nani, kwetu anashika dada mkubwa wa ofisi na mimi nikitaka kurekebisha kitu naingia yeye akiwepo.

Kuna suala la foda ya harusi moja wanayoijaza watu wanne. Kawaida kila mtu anahesabiwa alichokileta yeye. Ukitaka foda nzima ihesabiwe mtu mmoja, yule mwenye kuibeba kazi hio, kuna inherit owner kwenye Samba, faili jipya linachukua mmiliki wa foda na sio wa aliyeleta. Sisi tunaitumia kwa foda za wateja, na imetuondolea lile la mpiga picha kujaziwa nafasi na kazi ambayo si yake tena.

Lingine linalowachanganya watu ni pipa la taka. Kama mmeweka ile moduli ya recycle ya Samba, na nawashauri muiweke, faili ukilidiliti haliendi, linahamia kwenye foda ya .recycle pale pale, mmiliki ni yule yule, kwa hio bado linakuhesabia. Mtu anafuta giga 100, anaangalia, nafasi haijaongezeka, anakuja juu anasema kwota imeharibika. Haijaharibika. Weka recycle:touch iwe yes ili faili lipate tarehe ya siku lilipotupwa, alafu cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya amri ya find yenye -atime +7 na -delete ipite kila usiku, vya zaidi ya wiki viondoke. Na watu waambiwe wazi kwamba taka zao ni zao mpaka zitolewe.

Sasa niwape ya ami yetu, manake naamini kila ofisi ina mtu kama huyu. Ni mpiga picha wa zamani, ana negativu za Lamu ya miaka mingi nyuma, anaziskani moja moja kwa TIFF, kila moja mega mia na zaidi, na hizo kazi hazina nakala nyingine popote. Alipoona diski yake imekuwa ndogo kwenye kompyuta akaniita.

"Mwanangu, na mimi napimiwa?"

"Ami, hupimiwi. Umewekewa yako wasije wakakumalizia."

Alikubali, lakini nililomwambia ni kweli kwa sharti moja tu na wengi hawalijui. Kwota haimtengei mtu nafasi. Inazuia kupita, basi. Ukiwapa watu watano tera moja moja kwenye diski yenye tera 3.6, kila mmoja anaonyeshwa ana tera nzima, wa kwanza watatu na nusu watajaza, na ami atakuta diski imejaa na kwota yake bado inasema ana nafasi. Ili ahadi iwe ahadi lazima jumla ya vikomo vigumu vya wote iwe chini ya diski. Sisi waediti wawili wana 900 kila mmoja, ami 700, kina dada wawili 400 kila mmoja, mapokezi 50, jumla 3350, inabaki kiasi cha dharura ambacho hakina mwenyewe. Hapo ndo ukimwambia mtu hii ni yako inakuwa yake kweli. Maofisi makubwa wanagawa kupita kiasi kwa kutegemea kwamba si wote watajaza, kwa kazi ya video usijaribu, wote watajaza.

Kuangalia hali ni repquota -s na njia ya diski, inakutolea orodha ya watu wote, ametumia ngapi, vikomo vyake. Pembeni ya jina kuna alama mbili, -- maana yake salama, +- amepita kikomo cha nafasi, na mbele yake inaandika siku zilizobaki, na zikiisha inaandika none. Kipo na warnquota cha kutuma barua pepe kwa waliopita, sisi hatukukitumia kwa sababu hakuna mtu ofisini anafungua barua pepe, nimeandika kiskripti kinachochapisha repquota kila Alhamisi na karatasi inabandikwa mlangoni. Watu wakiona majina yao na alama ya jumlisha wanasafisha wenyewe.

Nisiloridhika nalo. Kwanza hakuna sehemu ya kubofya, ni amri tupu, na edquota inakufungulia namba za kilobaiti ndefu kama namba za simu, rahisi kukosea sifuri, ndo maana nashauri setquota inayokubali kuandika G. Pili root hazuiliwi na kwota, kwa hio skripti yoyote inayoendeshwa na root inaweza kujaza diski yote bila kuulizwa. Tatu ile ya Samba na siku 7, ningependa mtu wa Windows naye aonyeshwe kwamba bado ana siku kadhaa, sio kuambiwa sifuri tu.

Kulinganisha kidogo. Windows ina kwota ya NTFS tangu Windows 2000, nayo ni kwa mmiliki wa faili, na Windows Server ina FSRM tangu 2003 R2 ambayo inawekea foda kikomo na inatuma ujumbe mtu akifika kwa mfano asilimia 85, kwa kweli hio ni nzuri na iko wazi zaidi, lakini leseni ya seva na leseni za kila mtumiaji kwa ofisi ya watu sita wa Lamu ni pesa ya kamera. Synology, zile seva ndogo za kununua zikiwa tayari, unabofya tu na unamaliza, angalia tu volyumu yako ni Btrfs (mfumo mwingine wa mafaili) au ext4, kwa Btrfs unaweza kumpa mtu kikomo kwa kila foda ya pamoja, kwa ext4 ni kwa volyumu nzima. ZFS, nayo ni mfumo wa mafaili, ina userquota, ya haraka kuweka, ila haina kikomo laini wala siku za kupumua, na inachelewa sekunde kadhaa kumshika mtu kwa hio anaweza kupita kidogo.

Na asiyetaka kuandika amri kabisa achukue openmediavault, ya bure, nayo ndani ni Debian, ina ukurasa wa mifumo ya mafaili (File Systems) wenye sehemu ya kwota, unaandika namba mbele ya jina la mtu na unahifadhi. Chini yake inayofanya kazi ni kwota hii hii, kwa hio ya force user, ya pipa la taka na ya kujumlisha vikomo kabla hujamuahidi mtu yanabaki vile vile, na kabla hujawaita wenzako uwaambie iko tayari ingia kwa jina la yuza wa kawaida, kopi faili kubwa, alafu angalia kama hesabu yake imepanda.